Nge Wawili Katika Sentensi Moja

Daftari lilikuwa juu ya kaunta ya duka moja hapa Kasulo, wilayani Ngara, pembeni ya mzani wa kupimia sukari. Mwenye daftari ni kijana wa kidato cha tatu anayemsaidia shangazi yake kuuza jioni. Alikuwa ameandika: "If I would have money, I would go to Kigali." Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya sentensi nzima, na pembeni pameandikwa neno moja tu: "grammar".

"Kosa liko wapi?" nikamuuliza.

"Hata sijui, mjomba. Mimi naona iko sawa."

Nikamwambia aniambie kwa Kiswahili alichotaka kusema. Akajibu papo hapo: "Ningekuwa na pesa, ningekwenda Kigali." Hapo kosa likajionyesha lenyewe, wala halikuwa kosa la uvivu. Kiswahili kinataka -nge- kila upande: ningekuwa, ningekwenda. Kijana alihesabu nge wawili, akaweka "would" mbili. Kwa kanuni za Kiswahili alikuwa sahihi kabisa. Kiingereza ndicho kisichofuga nge wawili kwenye sentensi moja. Kinamtaka mmoja tu, naye hukaa upande wa matokeo: "If I had money, I would go to Kigali."

Vitabu vingi vya sarufi hufundisha sentensi za masharti kwa namba: aina ya kwanza, ya pili, ya tatu, na vingine huongeza ya sifuri. Mwanafunzi hukariri namba, na siku ya mtihani hakumbuki ipi ni ipi. Kwa wengi wetu wa Ngara na Biharamulo, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kihangaza au Kishubi, na Kiingereza ni ya tatu. Lakini Kiswahili hicho cha pili tumekizoea tangu shule ya msingi, na ndani yake mna viambishi vinne vinavyofanya kazi yote hii: -ki-, -sipo-, -nge- na -ngali-. Anzia hapo. Kazi inayobaki ni kujua Kiingereza kinakata kona wapi.

Pale -ki- inapotosha

Chukua sentensi ambayo vijana wa kushusha mizigo njia panda ya Benako wanaweza kuisema siku yoyote: "Lori likifika saa kumi, tutashusha mzigo." Kwa Kiingereza ni "If the lorry arrives at four o'clock, we will unload it." Usiandike "ten o'clock", maana saa kumi yetu ni "four" yao. Hilo limewapotezea watu miadi kuliko hata sarufi.

Tazama sasa kitenzi "arrives". Lori halijafika, litafika baadaye, lakini Kiingereza hakikuweka "will" baada ya "if". Kinatumia wakati uliopo. Jambo hili linawashangaza wanafunzi, ingawa Kiswahili hufanya vivyo hivyo: -ki- na -ta- hazikai kwenye kitenzi kimoja. Hakuna "likitafika". Balaa huanza mtu anapoacha -ki- na kushika neno "kama". Akisema "kama lori litafika saa kumi", -ta- imeshaingia, na akivuka kwenda Kiingereza anaibeba: "If the lorry will arrive." Basi fanya hivi: sentensi yako ikiwa na "kama", "iwapo" au "endapo", iandike kwanza upya kwa -ki-. Ikikubali -ki-, kule Kiingereza usiweke "will" upande wa "if".

Kuna "kama" nyingine isiyokubali -ki-. "Sijui kama atakuja." Huwezi kusema "sijui akija" ukabaki na maana ileile. "Kama" hiyo inabeba swali, haina sharti lolote, na hapo "will" inaruhusiwa: "I don't know if he will come." Ile hatua ya kujaribu -ki- itakutenganishia "kama" hizi mbili bila kukariri kanuni yoyote.

Mtego mkubwa zaidi wa -ki- uko kwingine. "Ukifika Benako, nipigie." Je, nina uhakika utafika, au nakisia tu? Kiswahili hakinilazimishi kusema. Kiingereza kinanilazimisha. Kama umeshapanda basi na kufika ni suala la muda, nitasema "When you reach Benako, call me." Nikisema "If you reach Benako", nimeonyesha kwamba nina shaka na safari yako, pengine na basi lenyewe. Mtu anayemwandikia bosi wake "If I come back from leave, I will finish the report" amemwambia bila kujua kwamba huenda asirudi kazini. Alimaanisha "When I come back". Kabla ya kuandika "if", jiulize: jambo hili lina shaka au linasubiriwa tu? Likiwa la kusubiriwa, tumia "when".

Na kuna yale yasiyo ya leo wala kesho, yanayotokea kila siku. Sisi tunayo hu-: "Mvua ikinyesha, njia huteleza." Pande zote mbili za Kiingereza hubaki kwenye wakati uliopo: "If it rains, the path gets slippery." Hiyo ndiyo wanayoiita aina ya sifuri, nayo haina zaidi ya hapo. Ukisikia hu- kichwani, "will" haina kazi.

-sipo- ni rahisi mradi ukumbuke kuwa kukanusha ni mara moja. "Usipolipa ada, hutafanya mtihani" ni "If you do not pay the fee, you will not sit the exam." Unaweza pia kusema "Unless you pay the fee, you will not sit the exam." Neno "unless" limebeba -sipo- yote tumboni mwake, kukanusha pamoja na sharti. Ukiandika "Unless you do not pay" umekanusha mara mbili, na mzazi ataelewa kwamba wasiolipa ndio watakaofanya mtihani. Katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, swali la kuandika sentensi upya kwa kuanza na neno fulani ni la kawaida, na "unless" hupendwa sana na watunzi.

Siyo kila -sipo- huvuka ikiwa na sura yake. Soma karatasi iliyomo ndani ya paketi ya dawa za maumivu na utakutana na maneno kama "If symptoms persist, see a doctor." Sisi tungesema "dalili zisipoisha, mwone daktari". Wao wanaongelea dalili zinazoendelea, sisi tunaongelea dalili zisizoisha, na ushauri ni uleule.

Hatua moja nyuma

Turudi kwenye daftari. Kijana alielewa haraka kwamba "would" ni moja. Kilichomsumbua ni "had".

"Lakini mjomba, 'had' si ya jana? Mimi naongelea leo. Leo ndiyo sina pesa."

Swali zuri kuliko alivyodhani. "Had" katika "If I had money" ina umbo la wakati uliopita, ila haizungumzii jana. Kiingereza hakina kiambishi kama -nge- cha kupachika kwenye kitenzi upande wa sharti. Kinapotaka kuonyesha kwamba jambo si la kweli, hukivuta kitenzi hatua moja nyuma katika nyakati. Jambo la leo lisilo kweli huvaa nguo za jana: "have" inakuwa "had", "live" inakuwa "lived", "know" inakuwa "knew". "Ningejua Kifaransa, ningefanya kazi Bujumbura" ni "If I knew French, I would work in Bujumbura." Kutokujua kwangu ni kwa leo, siyo kwa jana.

Sasa ukitaka kuzungumzia jana yenyewe, na kitenzi kimeshatumia umbo la jana kwa ajili ya leo, utakivuta wapi? Hatua nyingine nyuma. Hapo ndipo -ngali- inapoingia: "Ningalisoma usiku ule, ningalifaulu" ni "If I had studied that night, I would have passed." Upande wa sharti unapata "had" na kitenzi cha umbo la tatu, yaani "studied", "gone", "seen". Upande wa matokeo unapata "would have" na umbo lilelile la tatu. Nge bado ni mmoja.

Tatizo la hapa ni kwamba mitaani -ngali- imekufa nusu. Tunasema "ningesoma jana ningefaulu" na kila mtu anaelewa, kwa kuwa neno "jana" limebeba wakati. Wengine husema "ningelisoma". Kiingereza hakikuachii uhuru huo. Kwa hiyo kila ukiona -nge-, uliza: leo, au jana? Ikiwa leo, vuta kitenzi hatua moja. Ikiwa jana, vuta mbili.

Mfano wa jana tunao karibu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku mbili hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, na kambi kubwa ikasimama Benako. Jina hilo la Benako lenyewe lilitokana na kampuni iliyojenga barabara. Mashirika ya misaada yakaja na Kiingereza chao, na kazi za ukarani, udereva na ukalimani zikamwendea aliyeweza kujieleza kwa lugha hiyo. Desemba 1996 wakimbizi wale wakarejeshwa kwao, na mashirika mengi yakafunga virago. Mzee aliyekuwa kijana wakati ule na hakupata kazi anaweza kusema: "If I had known English in 1994, I would have got a job." Kwa Kiswahili: ningalijua Kiingereza mwaka ule, ningalipata kazi.

Lakini mzee huyohuyo anaweza kutaka kusema kitu kingine: ningekijua wakati ule, leo ningekuwa na pensheni. Sharti ni la 1994, matokeo ni ya leo. "If I had known English in 1994, I would have a pension now." Upande mmoja umevutwa hatua mbili, mwingine umebaki na "would" tupu bila "have" ya pili. Mwalimu wa Kiswahili atakukataza kuchanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja, na ana haki. Mwalimu wa Kiingereza atakuruhusu kuchanganya, mradi nyakati ziwe tofauti kweli. Usihamishe katazo la somo moja kwenda jingine.

Ukisikiliza redio ya Kiingereza utakwama mahali pengine tena. Watu hawatamki "I had" wala "I would" kwa ukamilifu. Vyote viwili vinakatwa vinakuwa "I'd". Kwa hiyo unasikia "If I'd known, I'd have come." Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Utajua kwa kusikiliza kinachofuata: "have" ikifuata, basi ile "I'd" ni "would".

Na ile "If I were you" ambayo wengi huidhani ni kosa la kuchapa? Ni sahihi. Ni yetu ya "ningekuwa wewe", tunayoitumia kutoa ushauri bila kumwamuru mtu. "If I were you, I would go before the rain." Ishike jinsi ilivyo, usiihoji sana.

Barua ya maombi

Sentensi moja ya masharti inaweza kukugharimu zaidi kuliko alama za mtihani, nayo hukaa mwishoni mwa barua ya kuomba kazi. Kwa Kiswahili tunaandika "Nitashukuru iwapo ombi langu litafikiriwa." Sentensi nzuri. Ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa "I will be grateful if my application will be considered." Anayepokea barua mia kwa siku huiona mara nyingi, na huiona kama ishara kwamba mwombaji ametafsiri kichwani. Ukiipitisha kwenye ile hatua ya -ki- utapata "ombi langu likifikiriwa", na -ta- itakuwa imeondoka: "I will be grateful if my application is considered." Ukitaka adabu zaidi, rudi hatua moja nyuma upande wa pili pia: "I would be grateful if you considered my application." Umbali ule uliokuwa unaonyesha jambo lisilo kweli, hapa unaonyesha unyenyekevu, kama sisi tunavyosema "ningeomba" badala ya "naomba".

Utakutana siku moja na "If you will wait here, I will call the officer", na utadhani nimekudanganya. "Will" hiyo ina maana ya kukubali: ukiwa radhi kusubiri hapa. Ni ya ombi la heshima, na ni nadra. Kwa mtihani, kaa kwenye kanuni.

Ndoto za Alinacha

Kusoma kanuni hizi bila kuzitumia ni kazi bure. Kuna mchezo mmoja usiohitaji kitabu wala intaneti, na mnaweza kuucheza mkitoka shambani. Ndoto za Alinacha tunazijua: yule ndugu wa kinyozi katika Alfu Lela Ulela aliyenunua vyombo vya kioo kwa dirhamu zake 100 za urithi, akakaa sokoni akiota utajiri hadi kumwoa binti wa waziri, kisha akarusha teke la ndotoni na vyombo vikavunjika vya kweli. Mfanye awe muuza mayai wa Benako, mwenye trei moja mkononi, akisubiri basi lisimame.

Wa kwanza aanze: "If I sell these eggs, I will buy a hen." Wa pili achukue mwisho wa sentensi hiyo aufanye mwanzo wa yake: "If I buy a hen, it will give me more eggs." Wa tatu: "If it gives me more eggs, I will buy a goat." Tazama kinachotokea kwenye mpaka: "will buy" ikivuka kuingia upande wa "if" inavua "will" na kubaki "buy", na "will give" inarudi "gives", ikiokota ile -s yake njiani. Anayesahau -s, au anayevuka na "will", anatoka kwenye mchezo. Mkizunguka mara tano, mdomo utakuwa umeshika jambo ambalo ubao haujaweza kulifundisha kwa muhula mzima.

Kisha ndoto ipande juu kupita uwezo, na sentensi zihamie kwenye -nge-. "If I owned a hotel at Benako, I would eat pilau every day." Anayefuata: "If I ate pilau every day, I would become fat." Hapa "would eat" ikivuka inakuwa "ate".

Mwisho teke lirushwe. Trei iko chini, mayai yanatiririka kwenye lami, na basi limeondoka. Sasa ni -ngali- tupu: "If I had not kicked the tray, the eggs would not have broken." Na mwenzake: "If the eggs had not broken, I would have sold them." Hadithi moja imepita kwenye aina zote tatu, na hakuna aliyehitaji kutaja namba.

Mkiandika, kumbukeni mkato. "If" ikianza sentensi, weka mkato kabla ya matokeo. Ikikaa katikati, acha: "I will buy a goat if I sell these eggs." Sentensi ikianza na "Had", kama katika "Had I known, I would have come", ni ileile ya -ngali- iliyodondosha "if". Watunzi wa mitihani huipenda hiyo pia.

Hapa na Rusumo Kiswahili kinatutosha kwa karibu kila kitu, na tangu 2021 hata sheria na mahakama za Tanzania zimehamia Kiswahili. Lakini sekondari masomo karibu yote yangali kwa Kiingereza, na Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera, iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Kijana wa dukani akifika Kigali, vijana anaolingana nao umri watamwelewa kwa lugha hiyo.

Kwa sasa hana nauli, na sentensi yake ameshaiandika upya chini ya ile ya zamani. Ombi langu ni kwa walimu wa Kiingereza wa Kasulo, Benako na Rusumo. Madaftari ni mengi na muda ni mchache, najua. Lakini mnapoikuta "would" mbili, msiandike "grammar" peke yake. Andikeni pembeni "nge mmoja". Mtoto ataelewa.